Kreti la Meno na Kreti la Matundu

Katika mji ule kulikuwa na barabara moja safi kuliko zote, na sifa hiyo haikuwa ya wafagiaji. Ilisafishwa na ajali. Lori la sabuni lilipotoka kiwandani na kupita kwenye matuta, mifuko ya chini ilielemewa na ile ya juu, ikapasuka, sabuni ya maji ikachuruzika hadi mtaroni, na wapita njia wakateleza mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo, bila upendeleo.

Asubuhi moja aliteleza mchukuzi mzee na mzigo wake kichwani. Vijana wawili walimwinua, na mwenye duka la vitambaa akatoka na ndoo ya maji amsuuze miguu. Mtu mwingine alibaki amesimama pembeni na koti lililopigwa pasi, akiitazama ile sabuni inavyokwenda na maji kama mtu anayetazama urithi wake ukigawiwa bila yeye kuitwa.

Huyo ndiye Hakika. Aliitwa hivyo kwa sababu ndilo neno alilotangulia nalo kila alipotaka kusema jambo asilolijua. "Hakika mzee, kiwanja hiki hakina mgogoro." "Hakika dada, saa hii haiingizi maji." Alitembea na mkoba mzuri wa ngozi wenye kitana ndani, basi, na alikuwa na uso wa upole, uso wa mtu aliyekuja kukupa pole kwa msiba ambao bado hujaupata.

Lori lililovuja lilikuwa la Baba Povu. Mama Povu alikuwa amesimama kwenye geti lake, la jirani, akicheka mpaka anajifuta machozi. Zamani hawa wawili walikuwa mume na mke wenye kiwanda kimoja. Walipoachana waligawana kila kitu kwa haki, yaani vibaya. Baba alichukua mashine na nailoni nene ya mifuko. Mama alichukua pipa la kuchanganyia na ujuzi wa sabuni. Wakajenga ukuta katikati ya ua. Tangu hapo Baba aliuza mifuko imara, mpaka ilaliwe na mingine, yenye maji yaliyopakwa rangi na kupewa matumaini, na Mama aliuza sabuni nzuri sana ndani ya mifuko myembamba kama utando wa maziwa. Hawakusemezana tena.

Mama Stoo, mtunza stoo wa hospitali na mnunuzi wao mkubwa, alishuka kwenye lori viatu vimejaa povu.

"Wewe usicheke," alimwambia Mama Povu. "Ya kwako ya wiki iliyopita ilinifikia mapovu matupu. Sasa nisikilizeni wote wawili. Ijumaa mchana, atakayeniletea mifuko iliyopangwa mpaka usawa wa bega langu bila tone kudondoka, hospitali itanunua kwake mwaka mzima. Mwingine asinisumbue tena."

Mama Povu aliacha kucheka. Bila hospitali hakuna kiwanda, na alikuwa amewaahidi wanawake wanaomjazia mifuko, wengine na watoto mgongoni, kwamba hatamfukuza hata mmoja. Baba Povu naye alijua kwamba bila hospitali atafunga, lakini kilichomchoma zaidi ni wazo kwamba yeye atafunga na mtalaka wake abaki wazi.

Hakika aliwatazama wote wawili, akaona riziki imegawanyika mara mbili kwa ajili yake.

Alikwenda kwa seremala na makreti mawili ya kuokota, ya matunda.

"Unataka nini hasa?" seremala aliuliza.

"Nataka hili likae juu ya hili mbele ya macho ya mtu."

"Likae muda gani?"

"Mpaka nipokee changu."

Seremala alikuwa amezoea wateja wa kila aina. Aliweka meno ya mti kwenye pembe za kreti moja, juu na chini, akatoboa matundu kwenye pembe za lile la pili, juu na chini vilevile, kisha akayapandisha. Yakashikana.

"Kama utataka mengi," alisema, "kila moja nitalitia meno juu na matundu chini, yapandane yote."

"Mengi ya kazi gani? Haya yananitosha."

Seremala hakubishana. Kabla ya kumkabidhi alipiga msasa ndani ya makreti, kwa mazoea tu, asije mtu akachomwa na kibanzi. Hakika alimhimiza afanye haraka.

Usiku ule alikaa kutengeneza ulaghai wake. Alikata vipande vya godoro kuukuu akavitandika ndani ya makreti. Alitafuta mifuko ya sabuni, akaijaza bila kuishindilia, akakamua hewa yote, akailaza chali. Akahakikisha mfuniko unakalia mbao za kreti bila kuugusa mfuko. Halafu akacheka peke yake. Wajinga wale wangeona mfuko umesalimika chini ya uzito, wasijue kwamba ni ujanja wa godoro, wa mfuko kutojaa na wa mfuniko kukaa juu! Masikini ya Mungu, alidhani anadanganya.

Alianza na Baba Povu. Aliyapandanisha makreti, akasimama juu yake na viatu, akarukaruka kidogo. Mifuko ilitoka mizima.

"Na yule mwanamke wa ng'ambo ya ukuta hatapata?" Baba Povu aliuliza. Halikuwa swali la pili. Lilikuwa la kwanza.

"Hakika mzee, hata akija analia."

"Atalia kweli?"

"Kwa sauti."

Baba Povu akasaini makubaliano. Pesa hakuwa nayo mpaka hospitali ilipe, kwa hiyo walipatana malipo yawe sabuni, mzigo wa nusu pikapu. Hakika hakuona tabu, maana mji wa pili alikuwako mfanyabiashara aliyenunua chochote kile bora usimwulize risiti. Alimwachia Baba Povu kreti la meno liwe mfano wa kuiga. "La pili ni pacha wake," alisema, "nalipeleka serikalini, ofisi ya wavumbuzi."

Ofisi ya wavumbuzi ikawa geti la jirani. Mama Povu alimtazama usoni kabla hajafungua mkoba.

"Umekula wewe?"

"Hakika mama, tangu jana..."

"Kaa."

Akamletea chai na mkate. Hakika akala, akashukuru, kisha akamtapeli, kila jambo kwa zamu yake. Alirukaruka juu ya makreti, akaapa kwamba yule bwana hatayapata, akapatana naye nusu ya pili ya pikapu, akamwachia kreti la matundu. Kwa Baba alikuwa amekwenda kuazima lile la meno "likapigwe picha," na jioni alilirudisha kwa uaminifu mkubwa.

Pande zote mbili misumeno ililia. Alhamisi makreti yalikuwa yamejaa ua wa Baba, yote ya meno, na yamejaa ua wa Mama, yote ya matundu. Wakaanza kuyapanga.

Kishindo upande huu. Kishindo upande ule.

"Wewe!" Mama Povu aliita juu ya ukuta. Hakuwa amemsemesha tangu talaka. "Unabomoa nyumba?"

"Nikibomoa ni yangu. Na huko kwako kunaanguka nini?"

"Vyombo."

"Vyombo vya mbao?"

Kikasikika kishindo kingine, kidogo, kama cha kuthibitisha.

"Kuna mtu mwenye koti lililopigwa pasi," Baba Povu alisema polepole. "Alifika kwako?"

"Alifika. Kwako je?"

"Alifika. Ukampa chai?"

"Na mkate."

"Ndiyo wewe huyo! Mtu akikwambia hajala utamng'olea na mlango."

"Na wewe mtu akikwambia mimi nitalia utamjengea nyumba. Hebu nipe hilo kreti lako nilione."

"Nikupe? Nimelinunua peke yangu."

"Mimi pia nimelinunua peke yangu. Lete!"

Wanawake wa kiwandani wakashika kreti juu ya ukuta, wakalishusha taratibu wasije wakamwangushia mwenzao. Mama Povu akalikalisha juu ya la kwake. Meno yakaingia matunduni. Akaweka lake tena juu, akaomba jingine la meno, na jingine, mpaka mnara ukapita bega lake. Akausukuma kwa nyonga. Haukutikisika.

"La kwako lina meno," alisema.

"Na la kwako?"

"Halina."

"Kama tabia zetu."

"Hujaacha kujisifu. Sikiliza, kesho ni Ijumaa. Ukienda peke yako unaanguka, nikienda peke yangu naanguka, na hawa wanawake wanakwenda kukaa nyumbani. Tia sabuni yangu kwenye mifuko yako."

"Sabuni yangu ina nini?"

"Haina kitu, baba. Ndiyo shida yake."

Baba Povu alikohoa. Halafu, jambo la ajabu kwa mtu kama yeye, akatafuta nyundo mwenyewe akabomoa pengo ukutani, pipa lipate kupita.

Walipomaliza kujaza, alikaa juu ya matofali. "Na yule mwizi? Anakuja alfajiri kuchukua sabuni. Nimwite polisi?"

"Amekula kwangu," Mama Povu alisema. "Tumlipe."

"Tumlipe?"

"Tumeandikiana. Wewe mpe sabuni yako kwenye mifuko yako, mimi nimpe yangu kwenye mifuko yangu. Iliyobaki stoo. Neno kwa neno."

Baba Povu aliifikiria ile mifuko yake minene iliyojaa maji, halafu ile mingine ya utando. Akaanza kutabasamu taratibu. "Hujabadilika wewe."

"Mimi nimesema nini?" aliuliza Mama Povu, na uso wake ulikuwa mweupe kuliko dhamiri ya mtoto.

Alfajiri Hakika alifika na pikapu ya kukodi. Alipokelewa vizuri mno. Waliomlipa hawakuuliza swali, na waliobeba mifuko walimwambia safari njema. Mtu uliyemtapeli akikukaribisha kwa furaha, shika viatu vyako mkononi. Lakini Hakika alikuwa ameshazoea kupendwa. Alianza kwa Mama, akapakia mifuko yake myembamba chini. Akazunguka kwa Baba, akapakia ile mizito juu, mpaka kwenye ukingo, na kidogo tena.

Mama Povu alikuja mbio na kreti mkononi.

"Mwanangu, chukua makreti. Nakuazima, utarudisha ukipita. Barabara ina matuta."

"Hakika mama, hakuna haja. Yanakula nafasi."

"Mifuko yangu ni laini. Nakwambia kama ningemwambia wa tumbo langu."

"Mama, mimi ndiye niliyeyabuni haya makreti."

"Ndiyo maana nashangaa," alisema Mama Povu, na alishangaa kweli. Alilishikilia kreti mpaka pikapu ilipokata kona.

Tuta la kwanza lilipita salama. La pili likatoa mlio kama mtu mnene anayekalia puto. Baada ya la tatu dereva alitazama kioo.

"Bosi, kuna kitu kinatufuata."

"Nani?"

"Sabuni."

"Kaza mwendo."

"Nikikaza inatangulia."

Kilima cha kutokea mjini kilipita mbele ya stoo ya hospitali. Pikapu ilipanda hadi nusu yake kwa heshima. Hapo povu la Mama Povu, ambalo halikuwa na mchezo, lilifika kwenye magurudumu, likachanganyika na maji ya Baba Povu, na magurudumu yakaanza kuzunguka bila kwenda popote. Hakika alishuka asukume. Akaanguka. Akasimama, akaanguka upande wa pili. Pikapu ikarudi kinyumenyume, polepole, kwa adabu, ikaingia geti la stoo kana kwamba imealikwa, ikaegemea ukuta. Mifuko yote iliyobaki ikaamua kupasuka hapo.

Mama Stoo alitoka. Alimtazama Hakika tangu kichwani, palipokuwa na povu, hadi miguuni, palipokuwa na povu jingi zaidi.

"Nina lori linakuja mchana," alisema. "Likiteleza hapa getini nitakudai wewe. Brashi ile pale."

Alisugua. Kila ndoo ya maji aliyomwaga ilizaa povu jipya, kwa kuwa sabuni ile ilikuwa nzuri. Dereva, mtu mwenye moyo, alimsaidia upande mmoja wa geti, kisha akaondoka na koti la Hakika liwe rehani ya nauli.

Mchana lori likaingia juu ya sakafu inayong'aa. Baba Povu na Mama Povu walikuwa mbele, wanagombana kwa sauti ya watu waliolikosa gomvi lao kwa muda mrefu. Wanawake wakashusha makreti, la meno, la matundu, la meno, mpaka usawa wa bega la Mama Stoo. Akapitisha kiganja chini ya kreti la mwisho. Kikatoka kikavu. Akafungua mfuniko mmoja baada ya mwingine, akapapasa mifuko kama anayepapasa mtoto mwenye homa.

"Mwaka mzima," alisema. "Kwenu wote wawili, kwa kuwa naona hamtenganishiki tena."

Mmoja wa wanawake alikaa chini palepale, akamfungua mtoto mgongoni, akambusu. Mama Povu alitazama pembeni.

Hakika alikuwa ameacha kusugua. Alisogea na brashi yake mpaka kwenye mnara. Alichungulia ndani ya kreti, akaona kipande cha godoro, mfuko umelala, mfuniko haujaugusa. Aliushika mnara kwa mikono miwili, akausukuma, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu zake zote.

"Kumbe yanashika," alisema kwa sauti ndogo. "Yanashika kweli!"

Watu wote wakageuka kumtazama. Mji mzima ulikuwa umeyaamini yale makreti, isipokuwa mtu mmoja.

"Ndiyo," alisema Mama Stoo. "Na pale kwenye ngazi bado."