Malalamiko Kuhusu Boti Iliyopewa Jina Langu

Mtaa wa Dallas, Embu
Septemba 1996

Kwa Mchungaji Njura,

Mpendwa Mchungaji,

Nakusalimu kwa heshima nyingi. Mimi ni Phyllis Igoki wa kwaya ya akina mama, safu ya pili, ambaye wewe mwenyewe ulimfungisha ndoa na Bwana Munyi. Nilifikiria kwenda kwa chifu, lakini chifu angeniuliza kama nimepigwa, na sijapigwa. Nilifikiria kwenda kwa shemeji zangu kule Kanja, lakini hao wakisikia habari hii wanacheka mpaka wanashika mbavu. Umebaki wewe. Nakuomba usome ukiwa umeketi.

Kama unavyojua, Munyi alipunguzwa kazi mwaka jana pamoja na wenzake wengi. Alirudi nyumbani na kalamu zake kwenye bahasha, akakaa. Kwa hilo sikuwa na lalamiko. Alikaa kitini akiangalia ukuta, hakumsumbua mtu, hata kula alikuwa anasahau. Watu walinisifu kwamba nimepata mume mtulivu. Halafu akaenda mazishi kule chini Mbeere, upande wa bwawa la Kiambere, akarudi akiwa juu ya lori la mchanga, na juu ya mchanga kulikuwa na boti.

Ni boti ya faiba, Mchungaji, ya kuvulia samaki. Mwenyewe wa kwanza alihama akaiacha imepinduliwa ufuoni, ikawa banda la mbuzi. Mbele ilikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha mtu mzima, na ubao wa nyuma, ule wa kufungia injini, ulikuwa umeoza hata unaweza kuuchota kwa kijiko. Nilimwuliza maji yako wapi hapa Dallas. Akanijibu, "Mama Karimi, kwanza tutengeneze boti. Maji hayaendi popote." Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyokuwa amesema tangu Pasaka.

Sasa naomba kuorodhesha malalamiko yangu, kwa adabu.

1. Kuhusu kujikuna. Faiba ikipigwa msasa hutoa vumbi, na vumbi hilo ni glasi iliyosagwa. Linaingia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye blanketi, kwenye unga. Jirani yetu Makandi, ambaye ni muuguzi, alifikiri ploti nzima imeshikwa na upele, akatupanga mstari akatupaka dawa. Utakumbuka ile Jumapili uliyohubiri juu ya toba, ukaona safu ya pili inatikisika na machozi yanatutoka, ukasema Roho ameshuka. Naomba radhi kwa niaba ya safu. Ilikuwa faiba.

2. Kuhusu sufuria yangu kubwa. Tundu la boti huzibwa kwa kitambaa cha nyuzi za glasi kilicholoweshwa gundi, na gundi hiyo huchanganywa na dawa ya kuigandisha. Mwenye duka alimwambia atie matone tu. Munyi alikuwa ananunua gundi kidogo kidogo kwa sababu ya hali yetu, na siku hiyo alikuwa na haraka, akatia dawa kama mtu anayetia maziwa kwenye chai. Sufuria ilitoa moshi. Makandi alitoka na ndoo ya maji. Moshi ulipoisha, gundi ilikuwa jiwe, na mwiko wangu umesimama katikati kama mlingoti. Sufuria hiyo sasa inazuia geti lisifungwe na upepo, na inafanya kazi hiyo vizuri sana, kwa hivyo hata kuitupa siwezi.

3. Kuhusu kitanda cha wageni. Ubao wa nyuma ulihitaji mbao ngumu zilizokauka, na mbao mpya hazikuwezekana. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta godoro limesimama peke yake. Mchungaji, hicho ndicho kitanda ulichokuwa unalalia ukija kwa semina. Sasa kiko ndani ya boti, kimefunikwa faiba pande zote, na Munyi anasema hakitaoza mpaka Bwana arudi. Ukija tena utalala kwenye kochi.

4. Kuhusu mafuta ya kupikia. Boti isipozama ni kwa sababu ina hewa chini ya viti. Watu wenye uwezo hununua vitu maalumu. Munyi anatumia mitungi mitupu ya mafuta, anaifunga vizuri na kuipanga. Ili mitungi iishe haraka, amekuwa akinihimiza nikaange kila kitu. Nimekaanga viazi, ndizi, mihogo, hata githeri, mahindi na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa. Sisi sote tumenenepa kwa ajili ya usalama majini.

5. Kuhusu rangi. Hapa nasema kwa uangalifu. Ile rangi ya kijani iliyobaki mlipopaka paa la kanisa, nasikia wewe mwenyewe ndiye uliyempa ukimwambia, "Chukua Munyi, itakauka bure hapa." Boti yetu sasa inafanana na kanisa lililoanguka chali. Sikulaumu. Nataka tu wazee wajue mkono wako umo.

La sita ni la jina. Alipomaliza kupaka rangi aliandika IGOKI ubavuni kwa herufi kubwa, bila kuniuliza. Halafu akaanza kupima. Boti hupimwa kwa kuijaza maji ndani, ukaangalia linapotoka jasho nje. Maji ya mfereji yalikuwa yamekatika, kwa hivyo niliyabeba mimi, mtungi baada ya mtungi, nikiyamwaga ndani ya boti ili tuyatazame yakitoka. Munyi alikuwa amelala chini yake na chaki mkononi, akiita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Igoki bado anavuja huku nyuma!" Watu waliokuwa wanaenda hospitali walisimama kunihurumia. Makandi aliniuliza kwa upole kama nimemwona daktari.

La mwisho ndilo zito. Mume wangu amebadilika. Anaamka mapema. Anaimba, na sauti yake unaijua. Lile shati jeupe la ofisini amelikata vitambaa vya kupangusia gundi, na hakuhuzunika. Wale wenzake waliopunguzwa kazi, ambao walikuwa wamejifungia majumbani, sasa wanakuja ploti kila asubuhi kushika upande mmoja wa msasa. Wanabishana kuhusu nyavu ilhali hakuna aliyewahi kushika hata kambale. Wananiita shemeji na wanataka chai. Ule utulivu wangu wa mwaka jana, ambao nilizoea kuusikiliza nikiwa nalala, nikijiuliza kama mtu huyu atasema neno tena, umekwisha kabisa, na hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa nimemalizana nao.

Basi ninaomba nini? Kanisa letu linakataza mke wa pili. Lakini hapa nyumbani yuko mmoja aliyejengewa kibanda chake cha mabati, anayenunuliwa vitu kila mwisho wa wiki, anayesuguliwa mgongo, na ambaye Julai, wakati wa baridi, alifunikwa blanketi langu. Kama huyo si mke mwenza, naomba nielezwe ni nani. Na kama ni mke mwenza, basi awe na majukumu. Aingie zamu ya kufagia kanisa. Atoe mchango wa harambee. Aje kwenye chama cha akina mama Alhamisi, na ikiwa atakaa kwa jina langu, mimi nipewe ruhusa ya kubaki nyumbani.

Akikataa, aitwe mbele ya wazee. Ninajua hawezi kutembea, kwa hivyo wazee waje na lori. Na kwa kuwa lori litakuwa limekuja, ninaomba apelekwe akakae kwako, pale penye nafasi kati ya tanki la maji na banda la ng'ombe, mpaka atubu au mpaka bwawa lifike Embu, lolote litakalotangulia.

Nisalimie Mama Mchungaji, watoto, mlinzi wa kanisa, akina mama wote wa Alhamisi, na kila mshirika ambaye ngozi yake imetulia.

Ni mimi dada yako katika imani, niliye na nguo zenye glasi,

Phyllis Igoki (mwenye miguu)

N.B. Barua hii ilikuwa mezani ikingoja stempu alipofika Bwana Abdifatah, mfanyabiashara kutoka mji wa Maua. Mimi ndiye niliyekuwa nimeagiza nitafutiwe mnunuzi, na sikumwambia Munyi. Abdifatah ni mtu wa heshima. Aliizunguka boti, akaigonga kwa vidole, akasema imetengenezwa vizuri. Alitaka kuikata katikati, apate mabirika mawili ya kunyweshea ng'ombe wake. Alitaja bei nzuri kuliko tuliyonunulia, na akaanza kutoa pesa mfukoni.

Munyi aliniangalia, akaelewa. Hakukasirika. Alipangusa mikono, akasema kwa sauti ndogo, "Mpe, Mama Karimi. Umevumilia sana."

Mchungaji, nilifungua mdomo niseme asante. Nikasikia ninasema, "Haiuzwi." Abdifatah alidhani ninapandisha bei, akaongeza. Nikamwambia tena haiuzwi, aketi anywe chai, na ng'ombe wake nitawaombea. Alikunywa vikombe viwili akaenda zake bila kinyongo. Munyi aliingia chini ya boti, na alikaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo.

Kwa hivyo usiwaite wazee. Lori la mchanga litakuja Jumamosi alfajiri kutupeleka Kiambere. Kama una nafasi, njoo utuombee, na uje na sweta na watu wawili wenye mgongo mzuri wa kubeba. Mimi sijui kuogelea, na samaki sijawahi kula. Munyi amenipangia nikae nyuma na kopo la kumwaga maji. Nimemwambia makasia nitashika mimi, kopo ashike yeye.