Bibi arusi, gari la marehemu na difu yangu

Leo nimeaibika. Si kidogo. Nimeaibika mbele ya arusi nzima, pasta akiwemo, na polisi mmoja, na mama mmoja wa Kijapani ambaye sijawahi kumuona hata sura.

Nimefika nyumbani, kambi ya bakimbizi Dzaleka, miguu iko ndani ya beseni ya maji moto, naandika kwa simu na kidole kimoja. Acheni niseme yote mwenyewe, sababu kesho mutaisikia sokoni, na bale ba sokoni bataongeza chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Bale hamunijui: mi njo Papa Neema, mekanisie, fundi wa magari. Shule niliacha darasa la tatu huko Uvira, Congo. Kazi nilijifunza kwa kulala chini ya malori ya bantu. Sina diploma, na hakuna moteri iliyowahi kuniuliza diploma.

Sasa. Kuna mfanyabiashara anaitwa Bwana Mbewe. Ananunua mahindi Mponela, anayapeleka Kanengo kwa malori yake. Baba yake marehemu alimuachia gari la Kimarekani la zamani, milango miwili, pua ndefu, silinda nane. Ukiliwasha, kuku ba jirani banaacha kutaga. Lakini petroli ya hapa Malawi munaijua: leo iko, kesho munapanga foleni na madumu. Gari ile ilikuwa inakunywa kama bageni ba arusi ya bure. Kwa hiyo ililala chini ya turubai miaka na miaka.

Bwana Mbewe akaniita. "Madala," akasema (huku Malawi mutu mzima njo banamuita hivyo), "binti yangu Thoko anaolewa. Mama yangu anataka mjukuu wake aende kanisani ndani ya gari la marehemu. Nitolee moteri hii, niwekee ya kisasa isiyokunywa. Siku ya arusi ikienda vizuri, malori yangu yote ya Kanengo utayatengeneza wewe. Na karatasi ya ruhusa ya kufanya kazi nje ya kambi nitaifuatilia mimi mwenyewe."

Musome hapo tena. Malori. Kazi ya kila siku. Na karatasi. Mi kwa umri huu bado natengeneza kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, kwenye vumbi, mutu analeta baiskeli imekatika mnyororo halafu anataka nimfanyie haraka kama ndege.

Nikakubali.

Moteri nikatoa kwa lori dogo la Kijapani lililopinduka, pamoja na gia zake tano na waya zake zote. Fundi mmoja wa umeme pale soko la Tsoka alinionya: "Mzee, usikate waya hata mmoja. Moteri za siku hizi ziko na akili. Ukikata waya mmoja, inasusa." Sikukata. Nilihamisha zote, zile naelewa na zile sielewi. Kulikuwa na kaspika kadogo kalikuwa kanakaa chini ya bampa ya nyuma. Sikujua ni ya nini. Nikaifunga vilevile chini ya bampa. Waya wake mmoja ulitoka kwenye gia; wa pili haukuwa na pa kuingia, nikaupeleka moja kwa moja kwa betri. (Kumbukeni, mi sikusomea umeme.)

Difu ya zamani meno yake yalikuwa yamekwisha. Difu, kwa bale hamujui, njo ile tumbo ya chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, inapokea nguvu ya moteri na kuipeleka kwa magurudumu. Nikapata nyingine ya pikapu. Nzuri, nzima. Shida moja: vikalio vya springi vilikuwa juu, na gari hili linavitaka chini. Mutu mwingine angekata na kuchomelea vikalio vipya. Mi nikasema, ya nini? Nikaipindua difu juu chini. Ikakaa kama iliyozaliwa pale. Nilijisikia mutu mwenye akili sana.

Nikainua gari juu ya mawe, nikawasha, nikaweka gia. Magurudumu yakazunguka. Bantu ba mtaa bakapiga makofi. Nani anaangalia gurudumu linazunguka upande gani? Linazunguka. Inatosha.

Njo leo sasa.

Asubuhi lori la Bwana Mbewe likaja, tukalipandisha gari kwa kusukuma, tukalibeba mpaka kwake Area 25, Lilongwe. Mi niko na suti. Mke wangu Mama Neema iko na kitenge kipya, sababu tulialikwa, si kama bafundi, kama bageni. Tukalishusha gari kwa kusukuma vilevile, sababu sikutaka moshi uguse nguo za bageni. Bamama bakafunga maua kwenye pua. Thoko akaingia nyuma na gauni lake, ilichukua muda na mashangazi, maana milango ni miwili na gauni lilikuwa kubwa kuliko gari. Bwana Mbewe akakaa mbele, pembeni yangu. Agogo, bibi kizee mwenyewe, mjane wa mwenye gari, akawekewa kiti katikati ya uwanja, nyuma ya gari, na kastuli ka miguu, aone gari la mume wake likiondoka.

Nikawasha. Moteri ikaitika kimya, laini. Nikamuangalia Bwana Mbewe. Akatikisa kichwa, ameridhika. Kwaya ikaanza kuimba.

Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi.

Gari likarudi nyuma.

Nikakanyaga breki. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha fundi. "Nimekosea gia," nikasema. Nikatafuta ya kwanza vizuri, nikaachia. Likarudi nyuma tena. Nikatia ya pili. Likarudi nyuma kwa haraka zaidi.

"Madala," Bwana Mbewe akasema polepole, "mama yangu iko nyuma."

Nikatazama kioo. Agogo alikuwa amenyanyua miguu yake yote miwili juu. Bampa lilikuwa limekalia kastuli kake. Kwaya ilikuwa imenyamaza. Agogo naye, bila haraka, akasema: "Marehemu alikuwa anaondoka hivi hivi."

Nikatia marsharieri, gia ya kurudi nyuma. Gari likaenda mbele. Na chini ya bampa, ile kaspika ikafunguka: mama wa Kijapani, sauti tamu, anaongea maneno yake, halafu piip, piip, halafu maneno tena. Hakuna aliyejua Kijapani pale, lakini kila mutu Lilongwe ameshasikia malori ya Kijapani yakirudi nyuma. Bote balielewa.

Nikashuka. Na suti yangu nikalala chini ya gari mbele ya ukoo mzima. Mafuta yalikuwa yanadondoka pale pasipotakiwa kudondoka, sababu tundu la juu lilikuwa limegeuka la chini. Nikabaki nimelala pale kidogo. Kusema ukweli, sikutaka kutoka.

"Madala, kuna nini?" Bwana Mbewe akainama.

"Difu iko juu chini."

"Maana yake?"

"Maana yake gari iko na gia tano za kurudi nyuma."

"Na za kwenda mbele?"

"Moja."

Shangazi mmoja akasema batafute gari lingine, kuna shemeji iko na pikapu. Mi chini kule niliona malori ya Kanengo yakiondoka moja moja na karatasi yangu. Lakini Agogo akasema kutoka kwenye kiti: "Mimi niliolewa ndani ya gari hii. Hiyo moja inatosha."

Basi tukaenda na hiyo moja.

Munajua marsharieri haijaumbwa kwa safari. Moteri inalia kama imebanwa mlango, gari linatembea mwendo wa maziko. Taa nyeupe za nyuma zinawaka. Mama wa Kijapani anaongea njia nzima, hachoki, hapumui. Msafara nyuma yetu kila tukisogea banakanyaga breki, sababu banaona gari linataka kubarudia. Mama Neema alikuwa gari la pili. Alinipigia simu kuniambia: "Papa Neema, angalau taa zinawaka vizuri." (Tumeoana miaka mingi. Naomba muniombee.)

Kabaza mmoja akatupita na gunia la makaa nyuma ya baiskeli. Akapunguza mwendo, akachungulia ndani. "Madala, nipe bibi arusi, mimi nitamfikisha." Thoko akacheka mpaka shela ikamtoka. Bwana Mbewe hakucheka. Alikuwa anaangalia mbele tu, mikono juu ya magoti.

Kwenye makutano, polisi akanyanyua mkono. Akazunguka gari lote. Akainama kwa dirisha langu.

"Mzee, taa ya kurudi nyuma inawaka."

"Naijua, bwana."

"Unarudi nyuma?"

"Hapana. Naenda mbele."

"Gia gani?"

"Ya kurudi nyuma."

Akanitazama. Akamtazama bibi arusi. Akamtazama Bwana Mbewe, ambaye alifumba macho. Akasema tu, "Pitani, pitani," kama mutu anayefukuza inzi, na nafikiri hataandika hiyo popote.

Kanisani njo ilikuwa mbaya zaidi. Bantu bamejipanga kwa mlango kupokea. Banasikia ile sauti, banaona taa, banajua gari linarudi nyuma. Kwa hiyo bote, na batoto babo, bakakimbia kutoka nyuma ya gari na kuja kusimama mbele, pale penye usalama. Mbele yangu! Nikisogea, bananipisha pembeni na kuja tena mbele. Mzee wa kanisa mmoja akasimama kabisa nyuma ya gari, ananipigia ishara kwa mikono: "Njoo, njoo, kata kushoto, njoo." Mi naenda mbali naye, yeye anazidi kuniita.

Tukafika mlangoni. Thoko akashuka, salama, amepambwa, anacheka. Nikasema moyoni, imekwisha.

Lakini uwanja wa kanisa ni mteremko. Na breki ya mkono nilikuwa sijaifunga, sababu difu ikiwa juu chini, kamba zake hazifiki. Nikafanya anavyofanya kila dereva: nikazima moteri, nikaacha gia ndani ishike gari. Gia gani? Ile ile moja nilikuwa ndani yake. Nikatoa ufunguo, nikaingia kanisani, nikakaa mstari wa tatu, kwenye viti vya bageni.

(Betri. Moja kwa moja kwa betri, haingojei ufunguo. Munaanza kuona.)

Dirisha za kanisa zilikuwa wazi kwa joto. Mwanzoni nyimbo zilimfunika yule mama wa bampa. Pasta akahubiri na spika kubwa, akamfunika. Halafu ikafika ile saa. Pasta akashusha sauti, akamuuliza Thoko kama anakubali kumchukua kijana huyu kuwa mume wake. Kanisa lote kimya. Thoko akavuta pumzi.

Mama wa Kijapani akajibu.

Alijibu vizuri, kwa heshima, sentensi nzima. Halafu piip, piip. Pasta akangojea. Thoko akavuta pumzi tena, na yule mama akajibu tena. Mutu mmoja wa kwaya akaanza kutikisika mabega. Bwana arusi akaangalia chini. Pasta akaweka Biblia yake, akasema: "Kabla hatujaendelea, huyu dada wa nje ni wa nani?"

Mama Neema akanigusa na kiwiko. "Ni wako."

Nikasimama. Kutoka mstari wa tatu mpaka mlangoni, pale katikati, na suti yenye mafuta mgongoni, viatu vinalia, kanisa zima limegeuka. Bamoja balikuwa tayari banacheka wazi. Nikafika kwa gari, nikatoa gia. Sauti ikakata. Gari likaanza kuteremka. Nikaruka ndani, nikakanyaga breki. Jiwe la kuzuia gurudumu halikuwepo karibu, na gia zile zingine sikuziamini tena. Kwa hiyo ndoa ile nimeisikiliza kutoka ndani ya gari, mguu juu ya breki, mpaka mguu ukaanza kutetemeka. Thoko alikubali. Nilisikia shangwe. Sikuona chochote.

Bantu bakatoka. Bwana Mbewe akaja, akaegemea dirisha langu. Jasho lilikuwa linanitoka. Niliona heri niseme mwenyewe kwa bosi wangu.

"Patro, moteri ni nzima. Kosa ni la difu, na difu niliiweka mi. Hakuna mwingine."

"Mama yangu amefurahi," akasema. "Sijamuona akicheka hivi tangu mazishi." Halafu akakuna shingo. "Lakini Madala, malori yangu yote yanaenda mbele. Nataka yabaki hivyo. Kwanza hili nalo liende mbele, wiki hii, halafu tutaongea habari ya Kanengo."

"Na karatasi?"

"Karatasi nayo itangojea difu."

Basi njo hivyo. Kazi haijapotea, na haijapatikana. Gari limerudishwa kwa lori mpaka uwanjani kwa Bwana Mbewe, limewekewa mawe mbele na nyuma, sababu hakuna anayeliamini.

Sasa mutakaotaka kucheka, chekeni leo yote mumalize. Jumatatu naenda kuipindua ile difu na kuchomelea vikalio vipya, na nitahitaji bantu bane ba kunyanyua.