Nilivyotaka Kumfungia Mhina Duka la Mbegu

Jamani wa kikundi, leo uso wangu sijui niuweke wapi. Nimeaibika Chanika, mchana kweupe! Ngojeni niwasimulie mwenyewe kabla jirani yangu Mwanaidi hajawasimulia na chumvi zake. (Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.)

Mnazijua zile mbegu zangu za nyanya. Nilinunua masika kwa Mhina, yule kijana mwenye duka la pembejeo. Pakiti nzuri, nyanya ya pichani inang'aa kama shavu la bibi harusi. Mvua ilipokata nikasia kitaluni. Nikamwagilia. Nikangoja. Hakuna kitu! Hata jani moja la kudanganyia macho. Na nyanya hizo ndizo zingeniezekea jiko mwaka huu.

Jana mtendaji akatangaza: mkaguzi wa mbegu anapita madukani, aliyeuziwa mbegu feki aje aseme. Mimi tena! Asubuhi nimepanda bodaboda kutoka Misima, Mwanaidi nyuma yangu, pakiti na mbegu zilizobaki nimezifunga kwenye pindo la kanga.

Tunafika, watu wamejaa. Mkaguzi mwenyewe mama mmoja katoka Korogwe, mpole, miwani puani. Mhina yuko nyuma ya meza, jasho linamtoka.

"Shikamoo bibi," akanisalimia.

"Marahaba mwizi!"

Watu wakacheka. Nikanogewa. (Ndiyo ugonjwa wangu, nikisikilizwa sinyamazi.) "Huyu katuuzia mchanga!" nikasema. Mwanaidi naye akadakia, "Hata mimi bamia zangu hazikufika popote!" (Bamia zake zililiwa na mbuzi, na hao mbuzi nawajua.) Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Afungiwe!" Basi watu wote: "Afungiwe! Afungiwe!"

Mama mkaguzi akanyoosha mkono. "Tukikuta ni feki, kibali chake kinakwisha leo na duka tunalifunga."

Mhina akaniangalia. Kijana wa watu, mke wake ana mimba kubwa. "Bibi, wallahi mbegu zangu nachukua kwa wakala anayetambulika."

Nikageuzia uso kwenye magunia ya mbolea.

Mama akachukua pakiti yangu, akakwangua lebo kwa ukucha kama vocha, ikatokea namba. Akaituma kwa simu. "Tusubiri. Watatujibu kama ni halali."

Mtandao wa Chanika mnaujua. Mhina midomo inamcheza, anasoma dua. Duka lake lote liko kwenye kile kisimu. Mimi kifua mbele.

Simu ikalia. Mama akasoma taratibu. "Mbegu ni halali. Na muda wake haujaisha."

"Simu inadanganya!" Sauti hiyo ni yangu, jamani. "Mimi nimezaliwa shambani, simu imezaliwa wapi?"

Wala hakukasirika. Akainusa pakiti. Akainusa tena.

"Bibi, mbona inanukia dagaa?"

Nikajifunga kanga upya.

"Ulizihifadhi wapi hizi mbegu?"

Hapo ningesema sijui ningekuwa salama. Lakini mimi na majigambo yangu! "Pazuri sana! Tangu masika ziko kwenye kichanja juu ya mafiga, zinapata moshi. Mama yangu ndivyo alivyotunza mahindi ya mbegu, na mimi ndivyo navyotunza, na hayajawahi kukataa kuota. Mdudu hagusi!"

Nikamwona Mhina anafumba macho, anashusha pumzi.

Mama akavua miwani. "Bibi yangu. Hindi unalitundika juu, liko ndani ya maganda yake, linapata moshi tu. Hii uliiweka kichanjani na dagaa, karibu na moto. Tazama plastiki ilivyojikunja. Hizi mbegu umezikaanga."

Uwiii! Lile duka lilicheka mpaka makopo yakatikisika. Yule yule wa bodaboda, "Bibi afungiwe jiko!" Mwanaidi wangu, niliyekuja naye, kakaa juu ya gunia anafuta machozi.

Mama akaongeza, "Mahindi yako ya kienyeji endelea kuyatunza hivyo hivyo, bibi, yasije yakapotea. Ila za pakiti weka pakavu, mbali na moto." (Kanifundisha kama mtoto wa chekechea, na nikaitikia.)

"Mhina mwanangu, nisamehe," nikasema chini chini.

"Yamekwisha, bibi. Ila ule wizi uniondolee."

"Si mwizi."

"Watu wa nje hawajasikia, bibi!"

"MHINA SI MWIZI!"

Basi wakapiga makofi. Mhina akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki, kanishika mkono kama yai, na njia nzima mpaka Misima Mwanaidi anacheka mgongoni mwangu nasikia tumbo lake linavyoruka.

Haya. Mwenye kucheka acheke leo amalize, maana Ijumaa kwenye harusi ya Zuhura anayepakua pilau ni mimi, na nikimwona mtu kaziba mdomo kwa kanga, sahani yake nyama itaisikia kwa jirani.