Kengele ya Machage

Kisaka. Jumanne, 1 Julai 1975
Moyo umevimba. Mganga wa zahanati kasema nisizitegemee sana mvua za vuli. Haya. Imebaki kazi moja, nayo ni ya aibu.

Mwaka 1938 Simoni Machage, rika langu, tuliyetahiriwa naye siku moja, alishinda mashindano ya kulima kwa plau. Karani nilikuwa mimi. Aliyejua kuandika nilikuwa mimi peke yangu. Nikaandika: Tomaso Wangwe. Zawadi ikaletwa, kengele ya shaba ya ng'ombe, imechongwa jina langu.

Zamani Machage alikaa mbali. Tangu tuhamishiwe kijijini, nyumba yake iko hatua ishirini tu. Kila asubuhi ng'ombe wangu wanatoka, kengele inalia, Machage ananisalimu kwa furaha. Nakufa kabla ya kufa!

Mpango: nifute jina langu, nichonge lake, kengele nimvishe ng'ombe wake malishoni. Bila kuungama kwa mtu. Safi kabisa.

Jumatano, 2 Julai
Karakana ya kijiji ina mashine ya kuchonga chuma. Iko kama kalamu nene, ncha inadunda kwa umeme wa jenereta. Fundi ni Christina. Mjukuu wa Machage! Nimemwambia najitolea kutia alama majembe ya kijiji. Kaniamkia mara mbili, kasema wazee wote wangekuwa kama babu Wangwe, ujamaa ungekwisha kufika. Nimeona haya. Si sana.

Somo la kwanza: usikandamize, iache ncha ifanye kazi. Nimeshika chaki shuleni miaka arobaini, sijui kushika bila kukandamiza. Jembe la kwanza limetoka kama kuku kakanyaga majivu. Meno yangu yametetemeka. Yote manne.

Jumamosi, 5 Julai
Nimefanya mazoezi nyumbani kwa msumari, kwenye mfuniko wa sufuria. Kezia, mke wangu, kauliza ni panya gani wa kula chuma. Nimesema ni maua. Kasema basi yamwagilie maji. Kisha kanifunika blanketi magotini, akakaa karibu mpaka nikasinzia.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Watu wote uwanjani. Nimemwomba Christina aniachie jenereta inawaka, nimalizie majembe. Nimelifuta jina langu kwa tupa, kengele nikaibana kwenye jiliwa. M. A. C. H. Nzuri! Mkono ukasahau, ukashika chaki. Nikakandamiza. Ncha ikateleza, ikachora mkia mpaka ukingoni.

Christina karudi kuchukua kitambaa chake. Kasoma. Kauliza taratibu kwa nini jina la babu yake liko kwenye kengele yangu. Nilikuwa na uongo wa aina mbili, tayari kabisa. Kifua kikabana. Nikakaa juu ya debe, nikasema yote.

Christina kaushika mkono wangu kwa juu, kama nilivyowashika watoto wa darasa la kwanza, tukamaliza herufi tatu pamoja.

Jumanne, 8 Julai
Nimempelekea mwenyewe. Hatua ishirini, nimepumzika mara tatu. Machage kacheka mpaka kakohoa. Alijua! Aliihesabu mistari yake ya plau siku ile ile. Rika zima lilijua. Ndiyo maana wananiita Karani. Miaka thelathini na saba nilidhani ni heshima!

Nikauliza kwa nini alinyamaza. Kasema mtu mliyemwaga naye damu jandoni siku moja, utamshtakije? Halafu kanitoza faini: nilirudishe jina langu chini ya lake, kwa herufi ndogo, maana ng'ombe atakayeivaa atatuzika wote wawili, na yeye hataki jina lake lilie peke yake malishoni. Nikamwita mzee mjinga. Kanipangusa machozi kwa kofia yake. Kofia chafu sana.

Alhamisi, 10 Julai
Nimesamehewa. Roho nyeupe. Sitamdanganya tena mtu yeyote maishani, na maisha yenyewe ni mafupi, nitaweza.

Kamati ya kijiji imesikia nimekuwa mchongaji. Wameniletea sahani ya shaba ya Mkulima Bora wa mwaka huu. Watamchagua Jumamosi. Wamesema nichonge maneno hayo tu, nafasi ya jina niiache wazi.

Kezia amelima miaka arobaini. Hakuna karani aliyewahi kumwandika.

Nimechonga: KEZIA. Shaba haifutiki kirahisi, tupa nimeificha mimi. Herufi zimetoka laini mno. Safari hii sikukandamiza hata kidogo.