Punda Pruneau na Baba Anayejua Kila Kitu

Jumamosi, 11 Januari

Nimeaibika. Nimeaibishwa na Warumi!

Binti zangu walifika saa tatu asubuhi kama kila Jumamosi, buti zimejaa theluji. Maëlle ana miaka tisa, Coralie sita. Chapati za maji, shira ya utomvu wa mti wa mepo, blanketi moja kwa watu watatu, kisha Safari ya Pruneau: katuni ya punda anayetembea karne baada ya karne akibeba mizigo ya watu. Niliitazama nilipokuwa mdogo. Sikumbuki kitu, ila punda. Hii ndiyo saa bora ya wiki yangu. Kusema kweli, ndiyo saa pekee.

Leo ilikuwa sehemu ya nne. Roma ikaanguka, Pruneau akaondoka na gunia la vitabu. Maëlle akauliza kwa nini Roma ilianguka. Nikasema ni uzembe. Uzembe wa nani? Wa Warumi. Akanitazama kama daktari anayetazama picha ya mapafu. Basi, akasema, nitamuuliza Gontran.

Gontran! Mwalimu wa historia. Anaishi na Josiane, mama yao, aliyekuwa mke wangu. Ana ndevu. Anaoka mikate yake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo unamshindaje?

Jumapili, 12 Januari

Nimepata dawa. Nitaitazama sehemu ya tano mapema, peke yangu, niandike kila kitu, na Jumamosi niwe bahari ya elimu.

Kuna kikwazo kidogo. Tulipoanza, tuliapa watatu kwa kufungamanisha vidole vidogo kwamba hakuna atakayetazama bila wenzake. Lakini kiapo kile kilihusu starehe. Hii ni kazi.

Nimetazama. Mji umezingirwa, malango yamefungwa, Pruneau kaachwa nje peke yake na mishale inaruka. Nimelia kwa sauti mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Nikatazama na ya sita, nijipoze.

Alhamisi, 16 Januari

Nakariri kazini, kwenye duka la rangi. Mteja alitaka rangi ya maziwa ya kupaka sebuleni. Mimi huku nataja aina za mashine za kubomolea kuta. Nikamchanganyia kijani. Meneja kasema niende nyuma nikapange brashi. Nimezipanga kama jeshi linalozingira mji.

Jumamosi, 18 Januari

Nimekwisha.

Nilianza vizuri mno, hapo ndipo kosa lilipo. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayewaza tu, kwamba nahisi malango yatafungwa. Malango yakafungwa! Coralie akapiga kelele kwamba Baba ni mchawi. Nikanogewa. Nikabashiri njaa. Njaa ikaja. Nikabashiri mawe, yakaruka mawe.

Kisha nikatoa kitambaa na kuanza kufuta machozi. Tatizo ni kwamba Pruneau alikuwa bado yumo ndani ya mji, amelala kwenye nyasi, ameshiba.

Maëlle akasimamisha picha.

"Baba, unalilia nini?"

Nikasema vumbi.

"Umeshaiona."

Nikasema sijaiona. Nikaapa. Akanyoosha kidole chake kidogo, akaniambia niape kwa hicho. Nikakishika, Mungu anisamehe, nikaapa tena.

Alivaa koti lake, akakaa karibu na mlango mpaka mama yao alipokuja. Coralie alinipungia mkono dirishani mwa gari. Maëlle alitazama mbele.

Nimekula chapati zao zilizobaki. Zilikuwa baridi. Nilistahili.

Jumanne, 21 Januari

Josiane kapiga simu. Kwa upole, na upole wake ndio unaoniua. Maëlle hataki kuja Jumamosi. Anataka kumalizia katuni na Gontran. Nikauliza kama Gontran anaitazama kwa moyo au kama kazi. Josiane kasema: "Ghislain, jamani, ni katuni tu."

Katuni tu! Wanangu wanaondoka na punda!

Nimekaa jikoni. Nimehesabu vikombe. Vitatu. Vya nini vyote hivyo?

Alhamisi, 23 Januari

Mpango mpya. Sehemu ya sita inahusu Waviking, wale mabaharia wa kaskazini. Nimetengeneza kofia ya chuma: bakuli la bati, pembe mbili ndefu za karatasi na gundi ya unga. Nzuri sana. Nilipanga nigonge mlango wao, ningurume, Maëlle acheke, yaishe.

Ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Theluji ilikuwa ile ya majimaji. Sikufikiria hilo.

Gontran akafungua. Nikanguruma. Akanikaribisha ndani, akanipa taulo, akaniuliza kama ningependa supu ya njegere. Kisha, kwa sauti ya mtu anayemwambia mgonjwa habari, akasema ukweli ni kwamba Waviking hawakuwa na pembe kwenye kofia zao. Nikamwambia hata mimi sina tena. Zilikuwa zimelainika, zinaning'inia huku na huku usoni.

Coralie akatokea ukumbini. Akaganda. Kisha akapiga ukelele uliotikisa vikombe: "Pruneau!"

Masikio ya punda. Nimetembea mtaa mzima na masikio ya punda.

Na Maëlle akacheka. Hakutaka, akauma midomo, lakini kicheko kikamshinda. Nikaona nafasi yangu, nikakiri yote: ya tano, ya sita, kitambaa. Nikasema nilitaka tu nijue kama Gontran.

Akasema, na nayaandika kama alivyoyasema: "Lakini Gontran tunaye, anajua tayari. Mimi nilitaka wewe usijue. Nilitaka tushangae pamoja."

Gontran akajifanya anakoroga supu. Supu ilikuwa nzuri, mshenzi yule.

Hukumu: ya sita wataitazama na Gontran. Ya saba, Jumamosi, kwangu. Nimeapa kwa vidole vyote kumi.

Jumamosi, 25 Januari

Sikuigusa! Siku mbili nzima!

Walikuja. Mafundi wanajenga kanisa kubwa, Pruneau anavuta mawe. Sikujua lolote. Jukwaa la mbao lilipoporomoka niliruka, nikamwaga juisi ya Coralie kwenye blanketi lote. Hakuna aliyejali. Maëlle alinishika mkono kwa nguvu na hakuuachia hata Pruneau alipotoka vumbini mzima, anakohoa.

Mlangoni alisema nilishangaa vizuri sana leo, na kwamba wiki ijayo nishangae hivyohivyo.

Nilisimama dirishani mpaka gari likapotea.

Jumapili, 26 Januari

Sikulala. Nishangae hivyohivyo! Itakuwaje sehemu ya nane ikiwa ya kawaida? Itakuwaje nikichelewa kushangaa, au nikishangaa mahali pasipo pake? Atajua. Mtoto yule anajua kila kitu.

Nimeweka kioo kando ya televisheni. Nimeitazama ya nane mara tatu, na nimeandika dakika zote za kushangaa. Ziko kumi na moja. Kwenye mshangao wa nne mdomo bado haufunguki vizuri.