Mwangwi Sitini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Zimebaki siku tano za muda wangu wa majaribio. Miezi sita nimekuwa karani wa Idara ya Mizani na Vipimo bila kuchelewa, bila kukohoa kikaoni, bila kuazima kalamu ya mtu. Ijumaa Mkurugenzi atatia saini. Nafasi ya kudumu ni moja, makarani wa majaribio tuko wawili. Nikiikosa, narudi kumpigia shemeji pasi mashati yake.

Leo Mkurugenzi ameniita. Nilidhani yameisha. Kumbe Ijumaa anakuja mgeni rasmi kutoka makao makuu kuzindua mizani mpya ya malori, na Mkurugenzi ataimba wimbo wa idara, beti sita, ametunga mwenyewe. Amesikia kwamba nyumbani napiga kinanda cha kompyuta. Anataka muziki wa kumsindikiza. Nilijibu naam, mama, kabla hajamaliza kuuliza.

Sharti: muziki upigwe papo hapo kutoka kompyuta ya ofisi, usirekodiwe. Koo lake halina msimamo. Likiamka chini nishushe, likiamka juu nipandishe.

Karani mwenzangu wa majaribio, tunayemwita Redio kwa sababu anaimba puani kutwa nzima, amesema naye anaijua programu ya muziki ya ofisini, tusaidiane. Nimemshukuru sana. Nimeamua asijue chochote.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Baada ya kazi nimekaa sebuleni kwa dada, kwenye kompyuta yake kuukuu. Utangulizi umekamilika: kengele tatu, zumari, halafu noti moja ndefu inayofifia taratibu. Ikishafifia, Mkurugenzi anaingia. Siri yote iko kwenye mwangwi. Ukiwa mdogo, kengele zinalia kama vifuniko vya sufuria. Ukiwa sitini, unadhani uko ikulu. Dada ameacha kukunja nguo, akasema, mdogo wangu, hii imetulia. Shemeji ameomba nipunguze, taarifa ya habari imeanza.

Tatizo ni kuupeleka ofisini. Flashi ni marufuku, kwa sababu ya virusi. Waraka niliuchapa mimi, nikaubandika kwenye kila mlango, hata wa choo. Siwezi kuvunja waraka wangu siku tatu kabla ya saini! Basi nimenakili kila kitu kwa mkono, noti na vipimo. Mwangwi 60. Mtetemo 25. Ukali 40. Nakala mbili, nimezilinganisha neno kwa neno.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kompyuta ya ofisi ina toleo jipya la programu. La dada ni la zamani. Rangi zimebadilika, vitufe vimekuwa vya duara, lakini majina ni yale yale. Nimejaza 60, 25, 40. Karatasi nimezificha kwenye faili la Unyevu wa Ghala, ambalo hakuna aliyeligusa tangu lifunguliwe.

Nimesikiliza kwa hedifoni, sauti chini kabisa, nisimkere mtu. Kengele zilikuja kama zinatoka kisimani, tena hazikuondoka. Nilishtuka. Nikakagua nambari. Sawasawa kabisa. Basi kosa ni la masikio yangu. Nina mafua tangu wiki iliyopita.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Balaa. Waya wa hedifoni umechomoka na ofisi nzima imesikia. Redio alikuja na kiti chake, bila kualikwa.

"Mdogo wangu, huo mwangwi umezidi," akasema. "Mgeni atafika nyumbani kwake bado unalia."

Nikamwonyesha kwamba ni sitini. Akasema sitini ya zamani siyo sitini ya sasa. Eti wenye programu wamebadilisha: zamani nambari ilikuwa kiasi cha mwangwi, siku hizi ni sekunde ambazo mwangwi unadumu. Nikacheka kwa adabu.

"Kaka, hii ni Idara ya Vipimo," nikamwambia. "Sisi ndio tunaowafungia watu maduka kwa sababu sitini yao si sitini."

Akasema basi nifumbe macho nisikilize. Nifumbe macho! Saa za kazi! Hila yake iko wazi: anataka nivuruge kipimo ili nafasi iwe yake. Nimegeuza skrini itazame ukutani.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Lazima niandike yote kama yalivyotokea.

Ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi mstari wa mbele, suti ya kijivu. Koo la Mkurugenzi liliamka chini, nikashusha noti mbili. Nikabonyeza. Kengele ya kwanza ilikuwa bado haijaondoka wakati ya tatu inafika. Zikashikana na zumari, zikawa ngurumo nzito, ya heshima kupita kiasi. Mgeni rasmi akasimama. Akisimama mgeni rasmi, nani atakaa? Ukumbi mzima ukasimama, mikono ubavuni.

Mkurugenzi akafungua kinywa, akasubiri noti ififie. Haikufifia. Akafumba. Akafungua tena. Mlinzi wa mlangoni akavua kofia. Mtu wa nyuma akanong'ona kuuliza ni nani aliyefariki. Mgeni rasmi akainamisha kichwa na vichwa vyote vikainama, isipokuwa cha Mkurugenzi, ambacho kilinitazama mimi.

Ningeweza kuzima. Lakini kuzima kitu ambacho mgeni rasmi amesimama kukiheshimu? Siujui waraka unaoruhusu.

Redio akaja ameinama kama mtu anayepita mbele ya sinema. Akanisukuma kwa kiwiko, akazungusha kitufe cha mwangwi huku ameinamisha sikio. Noti ikafa. Akaanza upya. Kengele, zumari, noti ndefu, kimya kizuri. Mkurugenzi akaimba beti zote sita. Makofi.

Saa tisa Mkurugenzi aliniita. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kijana, umenisimamisha mdomo wazi mbele ya mgeni wangu."

Nikamweleza kwamba nambari zilikuwa sahihi. Nikamwonyesha nakala zote mbili. Akaniangalia kama anavyoangalia mizani ya muuza nyama. Redio amethibitishwa. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, kwa sababu, alisema, mwandiko wangu unasomeka.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimetulia. Nimefikiri. Ijumaa kabla ya kutoka nilichungulia nambari aliyoacha Redio kwenye skrini. Mwangwi 3! Leo, baada ya chakula cha mchana, nimekaa kwenye kompyuta ya dada nikaiweka hiyo 3 yake. Kengele zimelia kama vijiko vilivyodondoka sakafuni. Dada ameuliza kutoka jikoni nimevunja nini. Nimerudia mara nne. Kavu, kavu, kavu, kavu.

Basi ukweli umejulikana. Redio ameingiza kipimo cha uongo mbele ya mgeni rasmi, ndani ya Idara ya Vipimo, na kwa kipimo hicho amepewa kazi. Dada anasema labda kompyuta mbili hazisemi lugha moja. Dada ni mtu mwema, lakini hakusomea mambo haya.

Nimemwandikia Mkurugenzi ripoti ya kurasa nne. Naomba zoezi lirudiwe kesho asubuhi, spika zote, idara nzima ikiwepo, mwangwi 60 kama ulivyoandikwa. Na kwa ajili ya usahihi, nimemwomba Mkurugenzi mwenyewe asimame pale pale aliposimama Ijumaa, afungue kinywa, na asubiri noti ififie.