Chuma cha Shemeji na Kioo Changu

Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu amenipa chaguo. Sigara au mapazia. Amesema mapazia ya sebuleni yananuka kama jiko la mkaa, na hawezi kuyafua kila wiki kwa sababu ya mapafu yangu. Nikamwambia mapafu ni yangu. Akasema mapazia ni yake. Tukaishia hapo. Yaani nimeshindwa.

Kisha likaja pigo lenyewe. Ameniambia ninunue sigara ya umeme, nipunguze polepole mpaka niache kabisa. Sawa. Wazo si baya. Lakini akaongeza: ninunue kama ya kaka yake.

Kaka yake! Nimweleze kidogo, maana shajara hii itasomwa na watu wa maana nikishakuwa mtu wa maana. Shemeji ni fundi wa lifti katika jengo lile lile la ofisi ambako mimi ni meneja msaidizi. Mikono kama koleo. Sigara yake ya umeme ni bomba la chuma lenye kitufe kimoja, na kiunoni limezungushiwa utepe mweusi wa mafundi. Akibonyeza, mvuke unatoka. Basi. Hakuna la zaidi. Na anajisifia kwamba ameiangusha kila mahali na bado inapumua.

Mimi siwezi kuvuta bomba. Meneja wetu anastaafu mwisho wa mwezi huu. Atakayekalia kiti chake ataamuliwa na mwenye jengo mwenyewe, yule mama tunayemwita Mama Jengo. Mama anapenda mambo mapya. Juzi amebadilisha hata mabomba ya maji ya vyooni, yakawa yanajifungua ukipunga mkono. Mtu kama huyo ataona nini akinikuta na chuma chenye utepe?

Kesho naenda dukani. Nitachagua kwa akili.

Jumanne, 10 Juni

Nimechagua kwa akili.

Muuzaji ni binti mmoja mwenye kucha za rangi ya zambarau na uso wa kutohurumia mtu. Nikamwambia nataka kitu cha kudumu lakini cha kisasa. Akaweka viwili juu ya kaunta. Cha kwanza cha chuma, hakina kioo, betri unabadilisha mwenyewe, kikiharibika kinafunguliwa kwa bisibisi. Ndugu wa kile cha shemeji, ila hakina utepe. Cha pili! Kioo mbele. Rangi zinatembea. Kinahesabu mara ulizovuta. Kinaunganishwa na simu. Kinazungumza! Unachagua na sauti: ya askari, ya babu, au laini.

Binti akanionya, lazima niseme ukweli. Akasema kioo ni kioo. Akasema betri ya kile imefungiwa ndani, ikifa imekufa na chenyewe. Akasema wengi wanaonunua kile cha pili hurudi kununua cha kwanza. Nikamuuliza yeye angechukua kipi. Akajibu bila kufikiri: cha chuma.

Hapo nikamshtukia. Ni wazi wamejaziwa stoo ya chuma kisichotoka, wanatafuta wa kumbebesha. Si mimi. Nimefanya kazi na wapangaji wa ofisi miaka mingi, mtu akinidanganya namwona kabla hajafungua mdomo.

Nimechukua cha kioo. Sauti laini.

Mke wangu akauliza kama ni imara. Nikamwambia ni imara sana. Si uongo. Kimekaa mfukoni tangu dukani mpaka nyumbani bila tatizo lolote.

Jumatano, 11 Juni

Siku nzuri kwa jumla.

Asubuhi nimekitoa mbele ya dada wa mapokezi. Kikawaka rangi ya bluu, kijani, kisha bluu tena. Akaniuliza kama ni cha kupimia sukari. Hana habari ya maendeleo. Nimemsamehe.

Mchana tulikuwa ngazi za dharura, mimi na shemeji, mahali petu pa kuvutia sigara. Nikabonyeza. Kioo kikaandika kwamba kinajisasisha, nisikizime. Nikasubiri. Shemeji akavuta. Nikasubiri. Shemeji akala, akanawa, akarudi, akavuta tena. Chakula cha mchana kizima nimesimama nimeshika taa. Akaniuliza kwa upole kama kinahitaji msaada. Nikamwambia kinajifunza. Akasema, "Ah. Mimi changu hakikusoma."

Nikakasirika kidogo. Ndipo wazo likanijia. Chuma chake alikuwa amekilaza juu ya ukingo wa ngazi. Mimi nikajinyoosha kama mtu aliyechoka. Kiwiko kikapita pale pale.

Kang! Kang! Kang! Ghorofa baada ya ghorofa. Muziki mtamu. Nikajifanya nimeshtuka, nikaomba radhi, nikashika kichwa. Shemeji akashuka taratibu, akapanda taratibu, anakifuta kwenye suruali. Akakibonyeza. Mvuke ukatoka kama wa gari moshi.

Halafu akanishukuru. Eti kitufe kilikuwa kinakwama tangu mwezi uliopita, alikuwa akipanga kukifungua, sasa kimekaa sawa. Akanipiga begani. Bega bado linauma.

Alhamisi, 12 Juni

Mama mkwe amekuja kutusalimia. Nilikuwa nimejipanga. Nimevaa shati safi, nimemkaribisha, nimemwambia mimi siku hizi sigara ni historia. Mke wangu akanitazama kwa jicho zuri ambalo sijaliona muda mrefu. Nikajiona nimeshafika.

Mama mkwe akaenda kunawa mikono. Kidogo tu akarudi mbio, kanga imemwanguka bega moja. Akamvuta binti yake pembeni, lakini mama yule hajui kunong'ona. Nilisikia yote. Kuna mwanamke bafuni kwetu.

Mke wangu akaniangalia. Jicho zuri limeshaondoka.

Wakaenda wote wawili wakasimama mlangoni. Mimi nyuma yao, nimeshaelewa. Nilikiacha juu ya rafu ya sabuni.

Sauti laini ikatoka ndani: "Umenisahau? Hujanigusa tangu asubuhi."

"Toka nje, wewe mtoto wa watu usiye na haya!" mama mkwe akapiga mlango kwa ndara.

"Niko tayari kwa ajili yako," ikajibu.

Nilipita katikati yao, nikakitoa, nikakionyesha. Nikaeleza. Nikaeleza tena. Ni kikumbusho tu, kinaweza kuzimwa. Nikajaribu kukizima. Hakizimwi chenyewe, kinazimwa kwa simu, na simu inataka neno la siri nililoweka Jumanne kwa furaha na nikalisahau kwa furaha hiyo hiyo. Kikaendelea. Kikatangaza mbele ya mama mkwe kwamba jana nilivunja rekodi yangu ya kuvuta kwa siku moja, na kikanipa hongera.

Mama mkwe akauliza mwanawe wa kiume anavuta nini. Mke wangu akamwambia chuma. Mama akauliza kama chuma hicho kinaongea. Hakiongei. Akasema, "Basi huyo ndiye mwanangu," akaomba chai.

Pamoja na yote, naona jambo moja zuri. Kimesikika vizuri kabisa kupitia mlango uliofungwa. Spika za namna hiyo huzipati kirahisi.

Ijumaa, 13 Juni

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu. Naandika kama mshindi. Kwa sehemu.

Mpango: Mama Jengo hufika Ijumaa asubuhi kukagua. Ningeingia naye lifti, kama kwa bahati. Ningempa wazo langu la milango inayofunguliwa kwa simu. Ningetoa kifaa changu kama mfano wa mambo ya kisasa. Ghorofa ya chini mpaka ya juu kabisa, muda unatosha.

Ilianza kama asali. Milango ikafungwa, sisi wawili tu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitikia. Nikakitoa. Rangi zikatembea. Akauliza, kwa hamu ya kweli, ni kitu gani hicho. Nikamwambia, Mama, hiki ndicho kesho. Akasema nimwonyeshe kesho inavyofanya kazi.

Nikavuta moja. Ndefu.

Nilisahau kwamba juu ya dari ya lifti kuna kile kidude cha kunusa moshi. Niliwahi kusaini mimi mwenyewe kiwekwe.

King'ora! Taa nyekundu! Lifti ikatikisika, ikasimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Mama Jengo akashika ukuta. Mvuke wa ladha ya embe ulitufunika mpaka nikawa namwona viatu tu.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, napiga simu. Simu imekufa. Njiani kuja kazini kifaa kilikuwa kinajichaji kwa waya kutoka kwenye simu yangu. Kimeinyonya yote. Simu ya Mama iko kwa dereva wake. Kitufe cha kuita msaada nikakibonyeza, kikaita huko mapokezi, na sauti ya dada wa mapokezi ikatuambia tutulie, fundi anakuja.

Tukatulia. Mama akakohoa. Nikaanza kumweleza habari za milango. Akaniomba ninyamaze.

Kisha nikasikia hatua juu ya vichwa vyetu. Milango ikafunguliwa kwa nguvu, tukaona sakafu ya ghorofa ya nne iko usawa wa vifua vyetu, na juu yake magoti ya shemeji. Sikuwahi kufurahi kuyaona magoti ya mtu namna ile. Akamshushia Mama kiti, akamshika mkono, akampandisha kama mtu anayetoa yai kwenye kiota. Kisha akanishika mimi kwa ukosi wa shati, ukararuka.

Nilipokuwa nusu nje, kifaa kikachomoka mfuko wa kifuani. Kikapita katika ule mwanya kati ya lifti na ukuta. Tukasikia kikienda. Kikaenda sana. Kisha paa!

Kimya.

Halafu kutoka chini kabisa, shimoni, sauti laini: "Umenisahau?"

Mama Jengo akaruka. "Kuna mtu huko chini!"

"Si mtu, Mama," nikasema.

"Anasema amesahauliwa!"

"Ni kesho, Mama," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Na shemeji? Alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanacheka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeitwa ofisini kwa Mama Jengo. Nilikwenda na hotuba kichwani na barua ya kuomba radhi mfukoni. Nilikuwa na hakika nafukuzwa. Nyumbani nilikuwa nimeshamwambia mke wangu, naye hakunisema. Alininyooshea ukosi, ule ule ulioraruka, akaniambia twende tukaone, na akanisindikiza mpaka getini. Jambo hilo lilinitia woga zaidi kuliko matusi.

Shemeji alikuwepo ndani. Amesimama, kofia mkononi. Mama akasema fundi amemweleza kwamba kile kidude cha moshi kilikuwa kimejaa vumbi na kingelia hata kwa mtu aliyejipulizia manukato. Yeye ndiye aliyepaswa kukisafisha, akachelewa, kosa ni lake. Mama akamwonya. Akanionya na mimi, nisivute tena ndani ya lifti. Basi!

Shemeji amebeba mzigo wangu. Mbele ya bosi. Mimi niliyemwangushia chuma chake ngazini.

Kuhusu kiti, Mama amemwomba meneja asistaafu kwanza, aendelee mwaka mmoja mbele. Watu wanasema nimekosa. Hawaelewi mambo. Kiti hakikupewa mtu mwingine. Mtu akiacha kiti kitupu, ujue kinamsubiri mwenyewe.

Tulipotoka, nikamuuliza shemeji kwa nini amefanya vile. Akasema dada yake ana mume mmoja tu. Kisha akatoa mfukoni bomba la chuma, la akiba, limesafishwa, limezungushiwa utepe mpya. Akaniambia, "Shika hii, shem. Ukibonyeza, inatoka. Hamna kingine."

Nimevuta njia nzima mpaka nyumbani. Ilitoka kila mara. Mke wangu amesema nimepata akili. Tumecheka mpaka akashika mbavu, hasa habari za shimoni. Sijacheka hivyo naye tangu tuhamie nyumba hii. Nimejiapia kwamba mambo ya vioo nimeachana nayo.

Jumapili, 15 Juni

Nimekaa na chuma tangu asubuhi. Nikibonyeza, mvuke. Nikibonyeza, mvuke. Nikakitazama. Hakinitazami.

Nikaanza kufikiri kwa utulivu, bila jazba, kama meneja. Kile kingine kilishindwa wapi hasa? Nimechambua jambo hili kutoka kila upande, na jibu ni moja tu, na nashangaa sikuliona mapema. Kioo kilikuwa kidogo. Kingekuwa kikubwa kisingepita kwenye ule mwanya.

Nikaenda dukani. Wamepokea toleo jipya. Kioo mbele na nyuma, kipana kama kiganja. Binti wa kucha akaniuliza kilichokipata cha kwanza. Nikamwambia kiko mahali salama. Akakitazama chuma cha shemeji nilichokiweka kaunta, akakipindua, akasema vitu hivi havitengenezwi tena, na akaniuliza mara mbili kama kweli nataka kukitoa na kuongezea pesa ili nichukue kile cha kioo. Mara ya pili alizungumza polepole, kama na mgonjwa. Nikamwambia namwonea huruma, anachelewa kuuelewa ulimwengu.

Unaweza kuweka picha! Nimeweka yangu, ile niliyopiga nimevaa suti. Mbele nacheka, nyuma nafikiri. Nimejitazama bafuni kwa muda mrefu, mlango nimeufunga, mpaka betri ikaisha kabla sijavuta hata mara moja.

Mke wangu amegonga akiuliza kama chuma cha kaka yake bado kinafanya kazi. Nimemwambia kwa sauti ya uhakika kabisa: hakijawahi kupendeza hivi.